Nyanya Hakurogwa

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini hawakutuambia kwamba mtu anaweza kuona mengi kisha yote yakamtoka kichwani kama maji yanavyotoka kikapuni. Wapenzi wasomaji, ningependa niwasimulie habari za nyanya yangu ili mpate kuujua ugonjwa ambao mitaani kwetu wengi huuita uchawi.

Nyanya aliishi Kibera miaka mingi akiuza sukuma wiki. Mwezi wa Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa huko ili barabara ipite, na chumba chake kilikuwa mojawapo. Akahamia kwetu Kawangware. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Halafu akaanza kuuliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Simu yake tukaikuta ndani ya mkebe wa unga. Yeye ambaye hesabu ya chenji ilikuwa kama maji ya kunywa, sasa alimpa mteja wa shilingi hamsini chenji ya mia mbili!

Lililotutia hofu zaidi lilianza jioni. Jua likielekea kutua, alijifunga leso na kusema, "Mimi naenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, nyanya?"

"Kibera. Kwani wewe hujui kwetu?"

Alitoroka mara mbili. Mara ya pili alipatikana saa mbili usiku, amesimama kando ya ile barabara mpya, akiwauliza wapita njia ni nani aliyeihamisha nyumba yake.

Majirani hawakukosa la kusema. "Huyu nyanya yenu amechezewa na mtu, msijidanganye," alisema mmoja. Wengine walinong'ona kuwa mzee anayetembea usiku akizungumza peke yake ni mchawi mwenyewe. Msidhani hayo ni maneno matupu. Huko Kisii, Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mama alipoisikia minong'ono hiyo hakupata usingizi. Mjomba alishauri twende kwa mganga, lakini mama akakata maneno: "Kwanza daktari. Hayo mengine baadaye."

Daktari alimwuliza nyanya leo ni siku gani, akamwambia achore saa, akampa maneno matatu ayakumbuke. Hakukumbuka hata moja. Damu pia ilipimwa, maana upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na maambukizi mengine huweza kumfanya mtu asahau, na hayo yanatibika. Hayakuonekana. Daktari akasema dalili zake zinalingana na ugonjwa wa Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 alimpokea huko Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona madoa nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake.

Leo tunajua madoa yale ni vipande vya protini iitwayo amiloidi. Vikishindwa kuondolewa huganda baina ya seli. Ninyi mnaokaa Kibera mnajua mtaro ukijaa taka mvua inapokuja: maji hayapiti. Zile nyuzi nazo ni protini iitwayo tau. Kwa kawaida tau hushikilia vijibomba vinavyosafirisha mahitaji ndani ya seli ya ubongo. Ikiharibika hubanduka na kujisokota, usafiri ukakwama, na hatimaye seli ikafa. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu jinsi protini hizi mbili zinavyosaidiana kuleta maafa.

Miongoni mwa sehemu zinazoshambuliwa mapema ni hipokampasi, inayotunza kumbukumbu mpya. Ndiyo maana nyanya hajui kama amekula leo, lakini anakumbuka bei ya sukuma wiki ya miaka ile na jina la kila jirani wa Kibera. Hakuwa anatutoroka. Alikuwa anakwenda mahali pekee ambapo ubongo wake ulikuwa bado unapajua.

Wako wanaodai haya ni maradhi ya Wazungu. La hasha! Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana maradhi ya kupoteza fahamu na kumbukumbu. Tiba ya kuponya haijapatikana. Dawa ya lekanemabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi lakini hupunguza tu kasi ya ugonjwa, na bei yake haishikiki. Hata hivyo, ripoti ya wataalamu ya mwaka 2024 ilisema karibu nusu ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kudhibiti presha na sukari, kuacha sigara, kutibu masikio na, sikilizeni wanafunzi wenzangu, kusoma shule.

Kwetu sasa tumeshona karatasi yenye namba ya simu kwenye leso ya nyanya. Makanga wa gari namba 46 wanamjua, akipanda humwambia, "Shosho, shuka, nyumbani ni hapa." Jioni hatubishani naye tena. Namwomba anisimulie habari za Kibera, naye husimulia hadi giza liingie na safari isahaulike. Siku nyingine huniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mimi huitika.

Basi wenzangu, mkimwona mzee amepotea njiani, msimcheke wala msimrushie mawe. Mshikeni mkono, mwulizeni kwa upole anakwenda wapi. Mzee huyo si mchawi. Ni mgonjwa, na ana watu wanaomtafuta.