Tusinunue Jina la Mashini



Sisi wanafunzi wa darasa la mwisho, seksio ya Ujenzi, tuko 22, na ordinatere ya kuchora mipango ya nyumba tuko nayo moja tu. Kila mmoja wetu lazima apeleke mpango wake mbele ya zhuri kabla mwaka kuisha. Wazazi wamechanga, na sasa tunaweza kununua mashini ya pili, ya kutumika. Tukikosea, hakuna mchango mwingine. Juu ya hiyo tumeona vizuri kuandika hapa yale tuliyochunguza, ili hata wale wa seksio zingine wasipoteze franka zao.

Wengi wanasema: "Mashini inalegea? Ongeza RAM." Si uongo, lakini si kweli siku zote. RAM ni kama meza ya kuchoria, na disiki ni kama kabati. Ukichora mpango mkubwa juu ya kimeza kidogo, kila saa utarudisha karatasi kwa kabati na kutoa ingine. Meza kubwa inaondoa ule usumbufu. Lakini kama karatasi zote zimeshaenea, kupanua meza hakutaongeza mbio ya mkono. Na mkono ndio prosesere.

Namna ya kupima ni hii: fungua mpango wako mkubwa, finya Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha angalia ukurasa wa Performance. Kama RAM imejaa karibu yote, bareti ingine itakusaidia. Kama nusu iko wazi na bado mstari unachelewa kufuata mkono, shida haiko kwa RAM.

AutoCAD za 2020 mpaka 2022 ziliomba giga 8 za RAM kama kiasi cha chini, na zilishauri giga 16. Basi tulifikiri: tununue mashini yoyote, tutie giga 16, kazi imekwisha. Kumbe hapana! Kila mashini iko na mpaka wake, na ile mipaka ni ya namna nne.

Mpaka wa kwanza ni wa Windows yenyewe. Windows ya biti 32 inahesabu nafasi za RAM kama namba za nyumba katika barabara, na namba zake zinaishia 4,294,967,296, maana yake giga 4. Hata ukiweka giga 8, nyumba za mbele hazina namba, hakuna anayezifikia. Tena AutoCAD, tangu ile ya 2020, haikubali kabisa biti 32.

Mpaka wa pili ni wa vifaa vya ndani. ThinkPad T60 ya mwaka 2006 unaweza kuitia giga 4, lakini itatumia karibu giga 3 tu, hata ukibadilisha Windows. Na mara ingine karatasi ya kiwanda inasema kidogo kuliko ukweli. ThinkPad T420 iliandikiwa giga 8, lakini prosesere yake Core i5-2520M inabeba 16, na watu wengi wanaitumia hivyo. Basi tusome karatasi mbili: ya mashini na ya prosesere.

Mpaka wa tatu ndio mkali kupita yote: RAM iliyochomelewa. Katika mashini nyingi nyembamba hakuna bareti ya kutoa wala nafasi ya kuongeza. RAM imechomelewa kwa bati, lile linalotoka katika kasiterite kama ya kwetu Walikale, na vile ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyokufa. Herufi moja inaweza kugeuza mambo. ThinkPad T480 iko na nafasi mbili, na kiwanda kinaikubalia giga 32. Ndugu yake T480s iko na nafasi moja tu, sehemu ingine imechomelewa, na kiwanda kinaikubalia giga 24. Tusitegemee tu hesabu ya nafasi inayoonekana kwenye Performance, kwani RAM iliyochomelewa inaweza kuhesabiwa pale kama nafasi. Heri kufungua mgongo wa mashini na kuona kwa macho.

Mpaka wa nne ni aina ya bareti. Bareti ya DDR3 ya mashini ndogo iko na meno 204, ya DDR4 iko na 260, na haziingiliani. Tena DDR3 ya kawaida inaomba volti 1.5, lakini DDR3L inafanya kazi kwa 1.35, na mashini inayotaka DDR3L peke yake inaweza kukataa kuwaka ukiitia ile ingine. Wakubwa wetu wa mwaka jana waliuziwa bareti ya DDR4 kwa mashini ya DDR3L. Muuzaji alisema, "Itaingia tu." Haikuingia, na franka hazikurudi.

Tuje sasa kwa prosesere. Hapa jina linadanganya watu wengi. Tumeonyeshwa mashini mbili za bei moja. Ya kwanza ni X1 Carbon ya mwaka 2015, nyembamba, inapendeza macho, Core i7-5600U, giga 8 zilizochomelewa. Ya pili ni T480 ya mwaka 2018, nene kidogo, Core i5-8250U, giga 8 katika nafasi moja, na nafasi ya pili iko wazi. Wandugu wengi walipiga kelele: "i7! i7!" Lakini ile 7 ni cheo ndani ya kizazi chake tu. Ile i7 iko na mioyo 2, na mbio yake ya juu ni 3.2 GHz. Ile i5 ya nyuma yake iko na mioyo 4, na inafika 3.4 GHz.

Na mioyo mingi inasaidia wapi? Sisi watu wa ujenzi tunaelewa upesi. Mstari wa pili wa matofali hauwezi kupanda mbele ya ule wa kwanza. Hata ukiita mafundi 10, watasubiriana. Kuchora mistari katika AutoCAD ao kujenga umbo katika SketchUp iko vile: mbio ya moyo mmoja ndiyo inahesabika. Lakini kupaka rangi kuta nne, mafundi wanne wanaweza kugawana. Ndivyo ilivyo kutengeneza picha ya mwisho ya nyumba, yenye mwanga na kivuli, katika Blender. Basi tutafute mbio kwanza, mioyo nyuma. Zile prosesere zinazoishia na H zina nguvu zaidi, lakini nyingi ni za wati 45, wakati hizi mbili za U ni za wati 15. Mahali umeme unakatika, tofauti hiyo si ndogo.

Kuna neno lingine. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 siku ya 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali i5-8250U, lakini i7-5600U haimo katika orodha yake.

Basi ombi letu kwa kamati ya wazazi na kwa walimu ni hili: tuchukue ile nene. Prosesere haibadilishwi, kwani imechomelewa katika mashini zote mbili. Lazima ichaguliwe vizuri leo. RAM inaweza kungoja. Muhula ujao, tukipata franka kidogo, tutaweka bareti ya giga 8 katika nafasi iliyo wazi, na tutafika 16. Tena bareti mbili zilizo sawa zinapitisha kazi upesi kuliko moja peke yake.

Wadogo zetu watakaokuja nyuma wataikuta bado inachora. Ile nyembamba ingewaachia uzuri wa macho tu.

Wanafunzi wa darasa la mwisho, Ujenzi