Chris Lebeau: Mkono Uliozoea Nta

Watajapo wachoraji wa Uholanzi, wapenzi wengi wa sanaa humtaja Rembrandt, wakamtaja Van Gogh, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Chris Lebeau, aliyezaliwa Amsterdam mwaka wa 1878, hutajwa kwa nadra. Huenda sababu ni kwamba hakuridhika na turubai peke yake. Picha alichora, naam, lakini sifa yake hasa ilitokana na vitambaa.

Alijulikana kwanza kwa batiki. Ufundi huu Waholanzi waliupata Java, kisiwa walichokitawala enzi hizo, nao hautaki pupa. Nta iliyoyeyushwa hudondoshwa juu ya kitambaa kwa kikopo kidogo chenye mdomo mwembamba. Palipofunikwa na nta, rangi haipenyi. Kitambaa huchovywa, hukaushwa, nta ikaondolewa, kazi ikaanza upya kwa rangi nyingine. Tone likianguka pasipo pake, si rahisi kulifuta. Mwaka wa 1900 riwaya ya Louis Couperus, De stille kracht, ilitolewa ikiwa na jalada la mahameli lililotiwa batiki kwa mchoro wa Lebeau. Kejeli iliyoje! Riwaya inayosimulia jinsi mtawala Mholanzi anavyoshindwa kuielewa Java ilivishwa ufundi wa Wajava wenyewe.

Baadaye alikibunia kiwanda cha Van Dissel mjini Eindhoven vitambaa vya meza vya kitani. Katika ufumaji wa aina hii, nakshi hutokana na namna mtande na mshindio unavyopishana, wala si rangi, hivyo ua huonekana tu mwanga unapokipiga kitambaa. Kila mpishano hauna budi kupangwa kwanza kwenye karatasi yenye miraba midogo midogo. Ni kazi ya kuumiza macho, ambayo wachoraji wengi wangeidharau.

Kisiasa, Lebeau alikuwa mfuasi wa uanarkia, itikadi isiyotambua mamlaka ya serikali. Hata hivyo, stempu ya posta yenye njiwa arukaye, iliyotolewa na serikali mwaka wa 1924, ilibuniwa na yeye, na ilibandikwa kwenye barua za Waholanzi kwa miaka mingi.

Ujerumani iliivamia Uholanzi mwaka wa 1940, na Wayahudi wakaanza kusakwa. Mkono ule uliozoea nukta za nta na miraba ya kitani ukageukia kughushi vitambulisho. Hapa pia kosa dogo lisingefutika, ila sasa kilichohatarishwa kilikuwa uhai wa mtu. Lebeau alikamatwa mwaka wa 1943, akafungwa katika kambi ya Vught, kisha akahamishiwa Dachau. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa uhuru iwapo angeapa kuachana na shughuli hizo, naye akakataa.

Alifariki Dachau mwezi wa Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 66. Wanajeshi wa Marekani waliikomboa kambi hiyo tarehe 29 ya mwezi uo huo.