Yuniti moja, mitungi hamsini

Huku Berlin maji ya nyumbani huhesabiwa kwa mita za ujazo. Mpangaji hupata hesabu mara moja kwa mwaka pamoja na gharama nyingine za nyumba, na wengi hulipa bila kujali ni lita ngapi zilizopita bombani. Silanga, upande wa Kibera unaoteremkia Bwawa la Nairobi, kipimo ni mtungi wa lita 20. Unatoa shilingi zako, mpira unaingizwa mdomoni mwa mtungi mpaka maji yafurike, kisha kifuniko kinakazwa juu ya kipande cha nailoni yasimwagike njiani.

Mita moja ya ujazo, ile tunayoiita yuniti, ni lita 1,000. Gawanya kwa 20, unapata mitungi 50. Sasa tazama bei. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, yuniti ni 250. Ukifika 10, ni 500. Mifereji ikikauka na muuzaji akidai 20, ni 1,000. Berlin yuniti hiyo hiyo ni karibu yuro 2, kama shilingi 300 hivi, ukiacha ada ya maji taka. Kwa hiyo mama wa Silanga anayelipa shilingi 10 kwa mtungi ananunua maji ghali kuliko mimi niliye Ujerumani! Ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) ya mwaka 2006 ilishalisema: wakazi wa mitaa ya mabanda hulipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa kila lita kuliko matajiri wa jiji lao.

Halafu kuna uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5, hata kwa kiwango cha chini, inahitaji lita 250, yaani mitungi 12 na nusu, kilo 250 za kupandisha vichochoroni. Nani atazibeba kila siku? Watu hujinyima, maji waliyofulia nguo ndiyo wanayopigia deki.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Sisi wa ughaibuni tunaochangia miradi ya maji, tuulize bei ya yuniti kwanza. Shilingi 10 husikika kidogo, lakini 500 haifichiki. Mwakilishi wa wadi akiulizwa kuhusu hiyo 500, atajibu kwa kipimo kile kile kilicho kwenye bili ya nyumbani kwake.