Filamu bora ya vita ni ipi?

Katika nyumba moja Katoro, Geita, wajukuu walibishana Jumamosi usiku: filamu bora ya vita ni Rambo au Commando? Zote wameziona kibanda umiza, zikiwa na sauti ya DJ anayetafsiri. Wakamuuliza babu, aliyekuja kutoka Shinyanga kutibiwa macho.

Babu alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Hakujibu. Bomu lilipolia kwenye runinga, alitoka nje.

Mwanawe akapunguza sauti, akamfuata.

"Mwanangu, anayekufa kwenye filamu leo, kesho unamkuta kwenye nyingine. Wenzangu sijawaona tena."

Watoto walisikia. Wakazima wenyewe, wakamuuliza majina ya hao wenzake. Aliyataja yote, mmoja mmoja.