Mtoto Anaomba Bombo: Tumpe Maji Kwanza



Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi hauhitaji kuelezwa. Jua linawaka, mvua bado haijafika, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Sisi walimu tunaujua mwezi huo kwa njia yetu. Kuanzia saa nne, watoto waliojibu vizuri asubuhi wanaanza kulalia meza. Huyu anashika kichwa, yule anasoma mstari mmoja mara tatu. Kengele ya mapumziko ikilia, wote wanakimbilia kwenye geti, ambako kunauzwa bombo, biskwi na yale maji tamu ya rangi yaliyogandishwa ndani ya sashe.

Siku moja tuliwauliza wa darasa la tano: mara ya mwisho ulikunywa maji lini? Wengi walisema: jana jioni, baada ya bukari. Walikuja masomo kwa miguu, wamekaa darasani lenye bati la moto, na tangu kuamka hakuna tone la maji lililopita kooni. Lakini walichoomba kwa mama muuzaji ni sukari.

Je, ile tamaa inatoka kwenye kiu? Wako watu wanaosema kila hamu ya kitu tamu ni kiu iliyojificha. Hapo wanatia chumvi. Mtoto anaweza kutamani sukari kwa sababu ana njaa, kwa sababu hakulala vizuri, au kwa sababu bombo ni tamu, basi. Hata hivyo kiu ina mkono wake katika jambo hili.

Mwili ukipungukiwa na maji, hata kidogo, mtu anachoka, kichwa kinauma, akili haishiki neno. Mtoto hasemi, "Mwili wangu umekauka." Anasikia tu kwamba hana nguvu, naye amejifunza kwamba sukari inaleta nguvu haraka. Ndiyo maana anaitafuta.

Tena kuna mazoea. Ile sashe ya rangi ina maji ndani yake, kwa hiyo kiu inapungua kidogo kweli. Mtoto akikata kiu kwa kitu tamu leo, kesho na kesho kutwa, kiu yake inajifunza kuita jina moja tu: sukari. Maji ya kawaida anayaona hayana ladha. Sisi wazazi tunasema, "Huyu anapenda sukari kupita kiasi," kumbe sehemu ya tamaa ile tumeilea wenyewe, kwa makuta madogo tunayompa kila asubuhi.

Makuta hayo yananunua sukari nyingi. Chupa moja ya sukre ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko 7 au zaidi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 50 kwa siku za sukari inayotiwa ndani ya chakula na vinywaji, na ingekuwa bora asipitishe 25. Kwa mtoto ni chini ya hapo. Meno ndiyo yanayolipa kwanza.

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Kuna watoto wanaokataa maji kwa makusudi, na wengi wao ni wasichana. Kwenye masomo mengi vyoo ni vichafu, havina mlango au havina maji ya kunawa. Msichana anafanya hesabu yake: nisipokunywa, sitaenda choo. Akiingia katika siku zake, hesabu inakuwa kali zaidi. Anakaa na kiu mpaka saa sita na nusu, anarudi na kichwa kinachouma, na kushika mkojo muda mrefu kunaweza kumletea ugonjwa wa njia ya mkojo. Huyo hata tukimfundisha faida ya maji kutwa nzima, hatakunywa. Dawa yake ni mlango wa choo wenye komeo, bidoni ya maji na kipande cha sabuni. Jambo hilo ni la komite ya wazazi, na wamama tuna haki ya kulisema ndani ya mkutano bila haya.

Nyumbani tunaweza kuanza bila kungoja mtu. Mtoto anywe kikombe cha maji mbele ya kutoka, pamoja na kitu cha kula hata kama ni kiazi kitamu kilichobaki. Abebe chupa yake. Mtoto wa masomo ya msingi anahitaji kunywa kama lita 1 mpaka lita 1 na nusu kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Akirudi analilia bombo, tumpe maji kwanza, tungoje dakika 15 hivi. Kama bado analia, huenda ni njaa: ndizi, karanga au sahani yake ya chakula itamtosha. Mkojo wake utatuambia ukweli: ukiwa wa njano nzito, hajanywa vya kutosha. Ila mtoto mchanga asiyetimiza miezi 6 asipewe maji: maziwa ya mama ni chakula chake na kinywaji chake, hata wakati wa joto.

Tunajua mtauliza: maji safi yatoke wapi, na makala ni bei? Jua letu lile lile linaweza kusaidia. Maji yasiyo na matope, ndani ya chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, yaachwe juani saa 6 nzima. Kama mawingu yamefunika, yaachwe siku 2. Vijidudu vitakufa. Lakini jua haliondoi sumu ya madini, wala kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo maji ya karibu na mabaki ya migodi tuyaache kabisa.

Kuna wakati mmoja ambapo sukari ni rafiki wa maji: mtoto akihara. Utumbo unavuta maji vizuri pale sukari kidogo na chumvi kidogo vinapopita pamoja. Ndiyo kazi ya SRO, ile paketi ya kituo cha afya. Ikikosekana, tuchukue lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Tusizidishe chumvi, na tusimpe sukre badala yake, kwani sukari nyingi inaongeza kuhara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakizama, akilia bila machozi, au akilegea na kushindwa kunywa, tusingoje asubuhi, twende naye kwenye kituo cha afya.

Tena tuangalie hili: mtoto anayekunywa maji mengi bila kushiba, anakojoa mara nyingi mpaka kitandani, na anakonda, huenda ana ugonjwa wa sukari. Huo unawapata watoto pia, na hauvumilii kungoja. Apelekwe apimwe damu siku hiyo hiyo.

Sisi tuliosomea ualimu pale ISP si waganga. Tunachoona ni vichwa vinavyolala juu ya madaftari. Kikombe cha asubuhi ni kazi ya kila mama nyumbani kwake. Mlango wa choo ni kazi yetu sote, na mkutano wa kikundi ukifika, tunaomba liwe neno la kwanza.