Watoto Wanne Katika Vyumba Viwili

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea; nami sijaona mzazi aliyelikanusha neno hilo. Lakini wengi wetu tukilitaja huwa twafikiri karo, nguo na chakula tu, yaani yale mambo ambayo mtu huyalipia kwa mshahara wake mwisho wa mwezi, au kwa mavuno yake. Leo, ndugu wasomaji, nataka kueleza sehemu nyingine ya kulea, ambayo hailipiwi kwa fedha. Nayo ni kazi ya kuishi na watoto wadogo wengi katika nyumba moja tangu alfajiri mpaka usiku; na pamoja na hayo nitaeleza swali lililotufikia mimi na mke wangu, kama ni vema kumwondoa mmoja wao nyumbani ili nafasi na utulivu vipatikane.

Mimi ni karani wa serikali mjini Voi, na tuna watoto wanne. Kifungua mimba ni binti wa miaka minane. Wanaomfuata ni pacha wa miaka mitano, Kurwa mvulana na Doto msichana, kama ilivyo desturi ya kuwaita pacha. Kitinda mimba ni mvulana wa miaka miwili. Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko.

Hapana shaka nyanya zetu wangecheka kusikia watoto wanne wakiitwa wengi. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya aliweza kutarajia kuzaa watoto 8 hivi katika maisha yake. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka mpaka 3.4. Lakini yafaa tukumbuke kwamba wale wanane walikuwa na uwanja mpana, na shangazi, na binamu, na nyanya aliyeketi kivulini akiwatazama. Watoto wanane katika boma huenda wakawa na kelele chache kuliko wanne katika vyumba viwili vya mjini, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako.

Siku yetu huanza saa kumi na moja alfajiri. Maji ya bomba hayaji kila siku, kwa hiyo mtungi wa lita 20 hugawanywa kwa uangalifu: ya uji, ya kuosha nyuso, na yanayobaki ya kuoga kwa zamu katika karai. Mke wangu akimsugua mmoja, aliyekwisha kuoga hutoka nje uchi kwenda kumtazama kuku wa jirani. Kisha huja wakati wa kutafuta viatu. Siku moja kiatu cha binti kilitafutwa chini ya vitanda, nyuma ya mlango na juu ya kabati, kikaonekana mwisho ndani ya ndoo ya unga, na kitinda mimba akafurahi sana kwamba tumekivumbua alipokificha.

Ugomvi nao haukosi. Kurwa hudai kwamba yeye ni mkubwa, maana alitangulia kuzaliwa kwa robo saa. Na Doto humjibu kwamba yeye alibaki nyuma ili afunge mlango. Tena tuna vikombe vinne vya bati, vitatu vya buluu na kimoja chekundu, na kila mtoto akitaka chekundu. Kwa muda mrefu uji ulipoa mezani kwa sababu ya kikombe hicho. Basi mke wangu aliamua kwamba kitatumiwa kwa zamu, siku kwa siku, na binti yetu akaiandika zamu hiyo katika karatasi na kuibandika ukutani. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, lakini sijaona daftari la zamu linalochungwa kama karatasi ile. Hata kitinda mimba, asiyejua kusoma, huinyoshea kidole na kusema, "Yangu!"

Jioni kuna kazi ya shule. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka wa 2019, wataka mtoto afanye mambo kwa mikono yake, na mzazi amsaidie. Jambo hilo ni jema, ila huleta vitu vingi nyumbani. Siku moja binti aliagizwa kukusanya mbegu za aina mbalimbali na kuzibandika katika karatasi. Alipokuwa akitafuta gundi, mdogo wake alichukua kunde moja akaitia puani. Kila mtu alipiga kelele, na Kurwa akaleta kijiti ili aitoe. Mke wangu alimnyang'anya kijiti hicho upesi, kwa kuwa alijua kwamba kuchokoa huisukuma mbegu ndani zaidi. Jirani yetu aliingia bila kuitwa, akawachukua wale watatu, nasi tukaenda na mgonjwa wetu kwenye zahanati.

Tabibu hakushika chombo chochote. Alimwagiza mama amzibe mtoto tundu lile lingine la pua kwa kidole, aweke kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto bila kuacha nafasi, kisha apulize mara moja kwa nguvu. Mara ya pili kunde iliruka. Tabibu alitueleza kwamba njia hiyo husaidia mara nyingi, lakini si kila mara, na ndiyo maana yafaa mtoto apelekwe kwa mganga mapema, wala asichokolewe nyumbani. Tuliporudi tulimkuta jirani amewalaza watatu wale kitandani pake. Waliosema mkono mmoja haulei mwana hawakukosea.

Nimetaja kazi ya mama mara nyingi, lakini sitaki msomaji adhani kwamba baba ni mtazamaji tu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba mama na baba wana jukumu lililo sawa la kumtunza mtoto. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 nayo humpa mama likizo ya miezi mitatu anapojifungua, na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Pacha walipozaliwa nilizichukua wiki zangu mbili. Wenzangu wengine walicheka, wakiuliza baba atanyonyesha nini. Sikunyonyesha, nilifua, nilipika uji wa wimbi, nilimpeleka binti matembezini, nami nikajua kwamba siku ya mama mwenye watoto wachanga haina saa ya kufunga ofisi. Tangu hapo nikirudi jioni siulizi kwa nini nyumba haijafagiliwa.

Sasa nije kwenye lile swali. Mama yangu ni mjane, naye akaa peke yake katika milima ya Taita, karibu na Wundanyi, ambako ana migomba, maharagwe na mboga. Mwezi wa Julai, wakati ukungu na baridi huko juu humsumbua, aliteremka kuja kutuona. Kwa siku tatu alitazama bila kusema neno: aliona pacha na dada yao wakilala katika kitanda kimoja, miguu ya huyu usoni pa yule, aliona mke wangu akila chakula kilichopoa akiwa amesimama. Usiku wa tatu alituambia, "Wanangu, nipeni mmoja. Ninyi mmebanwa, na mimi nyumba yangu ni kubwa, na kimya chake chanichosha."

Ombi hilo si la ajabu kwetu. Wengi wetu tulilelewa na nyanya zetu, na mimi mwenyewe nilikaa kwa nyanya yangu miaka mitatu, nikajifunza kupalilia na kuamka mapema. Mama hakusema ili kutuaibisha. Alikuwa na haja yake, nasi tulikuwa na yetu, na kwa hesabu ya kawaida haja hizo mbili zilifaana. Mke wangu alijibu kwa heshima, "Mama, nimekusikia. Tupe muda tufikiri." Lakini usiku ule nilimsikia akigeuka kitandani, nami sikuwa na usingizi. Nilifikiri juu ya nafasi, na kodi ya nyumba kubwa zaidi ambayo mshahara wangu haukuweza kuilipa, na mama yangu akizungumza na kuku jioni kwa kukosa mtu.

Kulipopambazuka tulimkuta binti yetu amekwisha kuvaa. Nguo zake alikuwa amezikunja na kuzitia katika kikapu, pamoja na daftari lake na penseli. Kumbe hakuwa amelala tulipokuwa tukizungumza. Alisema, "Baba, nitakwenda mimi. Kurwa na Doto hawawezi kulala mbalimbali, na mtoto hajui kujieleza akiumwa. Nikiondoka, kitanda kitatosha." Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, kama ile ya kikombe chekundu, na katika hesabu hiyo aliyezidi alikuwa yeye.

Mimi sikupata neno. Mke wangu ndiye aliyekaa chini mkekani, akamvuta karibu, akamwambia, "Kilichopungua ni kitanda, mwanangu, si wewe uliyezidi." Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, alifuta macho kwa ncha ya leso yake. Kisha akasema, "Mimi nilitaka mjukuu wa kunizungumzisha. Sitaki mtoto aliyejitoa sadaka. Kifungueni kikapu hicho."

Tulikubaliana hivi. Watoto wote wanne hupanda milimani kwa nyanya yao wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba; nao huzisubiri siku hizo, maana matatu ikisha kupita Mwatate na kuanza kuzunguka kona za mlima, joto la Voi huachwa nyuma, na yule atakayeliona kwanza shamba la nyanya yao ndiye mshindi. Mama naye hushuka kwetu miezi ya baridi. Fundi seremala wa mtaa wetu alitutengenezea kitanda cha orofa mbili, nikamlipa kwa miezi mitatu. Binti hulala juu. Asema kwamba huko ni kwake, na anayetaka kupanda abishe hodi.

Sisemi kwamba kila mzazi afanye kama sisi. Ziko nyumba ambazo mama ni mgonjwa, au kazi i mbali, au shule nzuri iko karibu na kwa nyanya, na huko mtoto hufaidiwa kweli. Lakini kabla ya kumtoa mtoto yafaa tujiulize mambo matatu. Kwanza, je, ni kwa manufaa yake au ni kwa ajili ya mapumziko yetu? Pili, je, nyanya ana nguvu za kuteka maji, na za kumbeba mtoto mpaka zahanati akishikwa na homa usiku? Tatu, je, mtoto mwenyewe ameulizwa, na ameambiwa siku ya kurudi? Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 yataka mtoto apewe nafasi ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na akili yake. Nadhani sheria hiyo yaanzia nyumbani kabla ya kufika mahakamani. Mtoto aliyeondoshwa bila kuelezwa hujitafutia maelezo mwenyewe, na aghalabu maelezo yake huwa kwamba kosa ni lake.

Wala msidhani kwamba vyumba vyetu viwili ni mahali pa taabu tu. Jumapili jioni twatembea mpaka mahali penye usalama tuwezapo kuiona reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017. Treni ya mizigo ikipita, watoto huhesabu mabehewa. Kurwa hupata hamsini, Doto hupata hamsini na matatu, dada yao huwaamulia, na kitinda mimba, ambaye hesabu yake haijapita mbili, hupiga kelele "Mbili!" mpaka behewa la mwisho litokomee. Na kila jioni nirudipo kutoka kazini, kabla sijafungua lango, nasikia miguu minane ikikimbia. Mmoja huchukua mkoba wangu, wawili hugombania mikono yangu, na mdogo hushika suruali. Hakuna mkubwa wa idara anayepokewa hivyo.

Kelele hizi zina mwisho wake. Mama yangu alilea watoto sita katika nyumba ile ile ambayo leo kimya chake chamchosha, na alipokuwa akitulea sisi, jirani zake walimwonea huruma kwa fujo yetu. Akija sasa kwetu, watoto wakagombana na mke wangu akataka kuwanyamazisha kwa ajili ya mgeni, yeye humzuia kwa mkono. "Waache kidogo," asema, na kusogeza kiti chake karibu nao.