Bonyeza OK Tu

Ukinunua SSD mpya na kompyuta ikakataa kuiona, watu watatu watakuambia imekufa kabla hujamaliza kueleza. Wa kwanza wangu alikuwa fundi wa simu hapa Litein. Aliichomeka kwa adapta ya USB, laptopu ikatoa ule mlio wa kupokea kitu, halafu kwenye orodha ya diski ikabaki C peke yake. "Boss, hii ni maiti," akasema. "Rudisha." Kurudisha maana yake ni kuipandisha matatu ya Nairobi asubuhi, kisha kubishana wiki nzima kwa simu na muuzaji.

Sikuwa na wiki. Diski yangu ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, gigabaiti 320, ilikuwa imeanza kugonga. Tk. Tk. Tk. Anayeujua huo mlio anajua kwamba muda umeisha. Ndani yake mlikuwa na rekodi 41 za Kogo, nyanya yangu, akisimulia kwa Kipsigis miaka yake ya kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Nakala ya kwanza ilikuwa kwenye simu, na simu iliondoka na mkono wa mtu stendi ya Kericho. Kogo mwenyewe tulimzika Agosti.

Diski inayokufa hupumzishwa. Hilo ndilo la kwanza, na halina mjadala: kila mara unapoiwasha ujaribu hiki na kile, unaila. Nikafungua skrubu, nikaitoa, nikaifunga ndani ya fulana safi. SSD nikaiweka mahali pake, kwa sababu plagi ya SATA ni ileile, kisha nikawasha mashine na kuingia BIOS. BIOS ni ile programu inayoamka kabla ya Windows. Haijali mafaili wala herufi za diski, inauliza tu nani amechomekwa hapa. Na hapo SSD yangu ikajitaja, jina na ukubwa, gigabaiti 480. Maiti haiitiki jina lake.

Kwani shida ilikuwa nini? Fikiria mkulima mpya anayefika kituo cha kununulia majani, gunia limejaa, majani mawili na chipukizi kama inavyotakiwa. Kama hana nambari ya mkulima, karani hana mahali pa kuandika kilo zake. Majani yapo, kila mtu anayaona, lakini kwa kitabu hayapo. SSD nyingi za kuwekwa ndani ya laptopu hutoka kiwandani hivyo: hazina jedwali la kusema sehemu hii inaanzia hapa na kuishia pale, hazijafomatiwa, hazina herufi. Windows huzisikia zikiingia, ndiyo maana mlio ule ulitoka. Haizionyeshi tu pamoja na C, maana hakuna cha kufungua.

Nikapanda matatu hadi Kapkatet kwa binamu yangu mwalimu, ambaye laptopu yake ni nzima. Pale kwenye kisanduku cha kutafutia unaandika diskmgmt.msc, na dirisha linafunguka lenye diski zote, zenye herufi na zisizo nazo. Diski 0 ilikuwa yake. Diski 1 ilikuwa yangu: haijulikani, haijaanzishwa, gigabaiti 447. (Hizo 33 hazijaibwa. Kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.) Swali likatokea: uianzishe kwa MBR au GPT? MBR huishia terabaiti 2, kwa hivyo kwa diski yangu zote mbili zingefaa, lakini GPT huweka nakala ya jedwali lake mwisho wa diski, na mimi siku hizo nilikuwa napenda sana nakala. GPT, OK, kisha sehemu mpya, kisha NTFS, kisha herufi E. Dakika mbili. Elfu nne na mia tano zangu zikafufuka.

Binamu akafurahi. "Leta na ile ya Kogo tuone."

Nilitaka kukataa, lakini pia nilitaka kujua. Tukaichomeka. Tk. Tk. Halafu dirisha lilelile likaja, maneno yaleyale: diski haijaanzishwa, chagua MBR au GPT. OK ilikuwa tayari imewekwa rangi, ikingoja kidole.

"Bonyeza OK tu," akasema. "Si ile nyingine ilikubali?"

Hapa ndipo watu hupoteza picha za harusi. Kwa diski mpya, swali hilo ni la kawaida kama karani kukuuliza jina. Kwa diski yenye vitu, maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kusoma mwanzo wake, na kwa kuwa haioni jedwali inadhani halijawahi kuwepo. Ukikubali, inaandika jedwali jipya juu ya lile la zamani. Mashine haikudanganyi, ila inakuuliza kitu ambacho wewe pekee unakijua: kuna mtu humu? Nikabonyeza kughairi, nikachomoa, na binamu akaniangalia kama mtu anayeringa.

Usiku ule niliwasha Linux kutoka kwenye fleshi na kutumia ddrescue, programu ya bure inayoanza na sehemu rahisi za diski, inaruka zilizoharibika, kisha inazirudia baadaye. Ilikuwa ikinakili kila kitu kwenda faili moja kubwa ndani ya SSD. Saa nane za usiku mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, na betri yangu ni ya dakika ishirini. Ungetegemea nilie. Lakini ddrescue huweka ramani ya ilikofika. Stima iliporudi asubuhi, ikaendelea palepale.

Lile jedwali halikupona, kwa hivyo mafaili nikayachimba kwa PhotoRec, ambayo huyatambua kwa umbo lake na si kwa majina. Zimetoka rekodi 38 kati ya 41, zote zina nambari badala ya majina niliyozipa. Sasa sharti nisikilize kila moja kujua ni ipi. Nimefika ya tisa. Ndani yake Kogo anamkemea mtu kwa kuchuma majani magumu, halafu kuna kimya kirefu, mlango, na sauti yangu ikimuuliza kama bado anataka chai.